Siku Gari la Maiti Lilipokataa Mbio

Kila Jumamosi mchana mimi hula Wandegeya, hapa Kampala, kwenye mkahawa ule ule niliokuwa nikila wakati nina mashati mawili tu. Ningeweza kula hotelini. Watu wanajua ningeweza. Lakini pale nina meza yangu pembeni ya ukuta, na aliyekaa akiniona naingia mlangoni husimama mwenyewe. Sijawahi kumwambia mtu ahame.

Jumamosi moja wenzangu wa meza walikuwa wanabishana kuhusu barabara mpya ya kulipia, ile ya kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe. Kibao chake cha mwendo kinasema mia. Mwenye duka la vipuri alikuwa amekasirika kana kwamba kibao kimemtukana yeye.

"Barabara pana vile! Haina ng'ombe, haina bodaboda, haina mama wa mahindi. Sasa mtu anatambaa na mia kwa nini? Waongeze. Mia na ishirini. Hata na arobaini."

"Wewe unakimbilia wapi?" akamuuliza mwenzetu mwenye malori. "Ndege ni ya baba yako?"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu wakanigeukia mimi.

"Tumuulize mzee wa pampu. Mzee, wewe ndiye ulitufundisha mbio. Mwendo uongezwe ama usiongezwe?"

Nikasema mchuzi wa leo umezidi chumvi. Walidhani ni mzaha wangu, kwa sababu mimi ni mtu wa mzaha, wakaendelea kubishana bila mimi.

Jibu ninalo. Ni refu, na halisemwi watu wakila. Nimeliandika hapa. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo herufi binti yangu amezinyoosha, lakini maneno nimemkataza kuyagusa.

Lazima kwanza nieleze mimi ni nani, maana bila hivyo hamtaelewa nilichofanya.

Nilivuka mpaka wa Busia kutoka Kenya na mfuko mmoja wa plastiki, miaka michache baada ya vita. Kampala ilikuwa bado na matundu ya risasi kwenye kuta. Kiswahili changu cha nyumbani kilikuwa kinawatisha watu, kwa sababu walikizoea kwa askari. Ukiingia dukani ukasema "habari ya asubuhi", mwenye duka anakuwekea sigara mezani kabla hujaomba kitu. Nilikaa Kawempe, nikaosha vyuma kwenye gereji ya mtu mmoja aliyekuwa hataki nijue kazi yake. Alikuwa ananipa mgongo akifungua pampu ya dizeli. Nikajifunza kwa kusikiliza. Ninyi mnasikia injini. Mimi nasikia sindano nne za mafuta, moja moja, na ipi ina kikohozi. Baada ya miaka mitano gereji ile ilikuwa yangu, na yeye alikuwa ananiletea wateja. Leo mabasi yanatoka Arua, malori yanatoka Goma, yanapita mafundi thelathini njiani yakinitafuta mimi. Hilo si la kujisifu, ni la kuonekana. Njoo Kawempe uhesabu magari yaliyopanga foleni.

Na jina langu nililipata kwa kitu kimoja. Kila pampu ya dizeli ina skrubu ndogo ambayo kiwanda kimeifunga kwa waya na lakiri ya madini ya risasi. Sisi tunaiita gavana. Vibao vya barabarani ni maneno tu, dereva anaweza kuyasoma au asiyasome. Lakini gavana haibembelezwi: inasema gari hili lisipite hapa, na halipiti. Mimi nilikuwa nakata ule waya. Nazungusha skrubu kidogo, mkono ukijua wenyewe pa kusimama, na lori lililokuwa linapanda mlima likilia linaamka kama limeitwa jina. Linakunywa mafuta zaidi, linakimbia zaidi. Wenye magari walitoka kwangu wakiimba. Kama kuna mtu ameongeza mwendo katika nchi hii, ni mimi, na sikungoja mtu apige kura.

Gari langu mwenyewe nililitengeneza zaidi ya yote. Kampala mpaka nyumbani, upande wa Mumias, nilifika kwa saa tatu na nusu, foleni ya mpakani ikiwa ndani. Nilijivunia hilo kuliko nyumba yangu ya Kisugu, na nyumba yangu ya Kisugu ina ghorofa.

Mke wangu hakupanda gari hilo.

Alipanda mara moja. Tulikuwa tumetoka Mukono, watoto wako nyuma, na mimi nilikuwa nawaonyesha. Yeye alishona sare za shule, alikuwa mtu wa kupima kabla ya kukata, na kitu chochote cha kukisia kilimuumiza tumbo. Akaangalia mshale wa mwendo.

"Baba watoto, themanini inatosha."

"Themanini ni ya wagonjwa."

"Basi mimi ni mgonjwa."

Nikacheka, nikaongeza. Tulipofika Lugazi akasema, "Simamisha hapa, nataka kununua nanasi." Nikasimama. Akawashusha watoto, akashusha kikapu, akafunga mlango polepole kama mtu anayetoka kanisani, akasimamisha basi la Busia. Nanasi hakununua. Nilimwambia kupitia dirishani, "Unanidhalilisha mbele ya watu," naye akanijibu, "Watu gani? Unawapita kabla hujawaona."

Tangu siku hiyo, kila Desemba, kwa miaka kumi na saba, yeye alikwenda nyumbani kwa basi na mimi nilikwenda kwa gari. Aliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi nikanywa chai, nikaondoka saa mbili. Nililikuta basi lao mahali fulani kabla ya Iganga, nikalipita nikipiga honi. Watoto walinipungia mkono. Yeye hakupunga. Nilifika mbele, nikakaa kwenye kiti uani, nikamngoja, na akifika namwambia, "Karibu, mgeni." Niliona ni kichekesho kizuri sana. Nilikirudia miaka kumi na saba.

Kuugua kwake sitakusimulia. Kulichukua miezi minne, na mwisho wake aliuona yeye kabla yetu. Alifia Kampala, asubuhi, nikiwa nimeshika mguu wake kwa sababu mkono ulikuwa umeshikwa na binti yangu.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo lenye uzito. Kwa ukoo wa mke wangu, mama hamziki mwanawe. Hasogei kaburini. Anachopewa ni uso. Mwili ukifika, jua likiwa bado juu, mama anaingia, jeneza linafunguliwa, anautazama uso wa mwanawe kadiri anavyotaka, halafu anaondoka kwa miguu yake kabla jua halijazama, kwa sababu hawezi kulala kwa mkwe wake. Jua likizama jeneza halifunguliwi tena. Asubuhi ni ya kaburi, na kaburi si lake. Kwa hiyo mama mkwe wangu, ajuza ambaye tangu mwanawe augue alikuwa hajaweza kusafiri kuja kumwona, alikuwa na nafasi moja tu, ya alasiri moja.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyempigia simu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, nikamwambia kwa sauti ili mama asikie, "Mwambie saa nane tuko nyumbani. Mwambie nimesema mimi."

Wakenya tulioko Kampala tuna chama cha kuzikana, na chama kina gari la maiti, la dizeli, si jipya. Siku moja kabla ya safari nililichukua nikalipeleka gereji kwangu. Niliwaambia mafundi wote waende nyumbani. Nikaifungua ile pampu kwa mikono yangu, nikakata waya, nikazungusha gavana. Nilizungusha zaidi ya ninavyowazungushia wateja. Sikuwa na njia nyingine ya kumfanyia mtu jambo jema. Wengine wanajua kuomba, wengine wanajua kulia. Mimi nilitaka afike upesi kwa mama yake.

Tuliondoka saa tatu. Dereva wa chama ni Mkongo, mtu wa Bukavu, mpole, ameokoka, anaendesha akiwa amekaa wima kama yuko studio anapigwa picha. Shemeji alikaa mbele pamoja naye. Mimi nilikaa nyuma kando ya jeneza, na mama wawili wa kanisa letu walikaa upande wa pili wakiimba kwa sauti ya chini. Watoto walitangulia kwa basi. Walichagua wenyewe.

Mpaka daraja la Jinja gari lilikwenda kama maji. Dereva aligeuka akaniambia, "Papa, gari hii leo iko na roho ingine," na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa nimekaa na jeneza la mke wangu nikasikia sifa na nikafurahi.

Tulipita Iganga. Mbele kidogo, mahali pa mashamba ya mpunga, gari likakohoa, likapoteza nguvu, likazimika. Dereva akaliachia likajiendea mpaka pembeni ya barabara. Akajaribu kuwasha. Likagoma.

"Papa, imekataa."

Shemeji akashuka. Akavua kofia. Kwetu kila mtu ana hadithi hizi: gari la maiti likisimama njiani bila sababu, marehemu ndiye amelisimamisha. Ana neno. Unamwuliza, unamwomba, akiridhika gari linawaka. Mimi hizo hadithi nilikuwa nazicheka nikiwa gereji, nawaambia watu waniletee gari, marehemu wabaki naye.

Shemeji akaja nyuma, akaweka kiganja juu ya jeneza. "Dada," akasema, "nini? Tumekosa wapi? Mama anakungoja."

Mimi nilikuwa nimeshafungua boneti, na nilijua kabla sijagusa kitu. Tangi lile lilikuwa la zamani. Miaka yote gari lilipokuwa likienda taratibu, uchafu wa chini ya tangi ulikuwa umelala kimya. Mimi nilifungua skrubu, pampu ikaanza kunywa kwa pupa, ikavuta na kile kilicholala, na chujio likaziba. Ni mimi. Mwanafunzi wa wiki mbili asingefanya hivyo bila kuosha tangi kwanza. Mimi mwenye miaka thelathini gereji nilifanya, kwa sababu ya haraka na machozi.

Watu wa mpunga walikuwa wameanza kukusanyika, wamekunja suruali, matope miguuni. Mmoja akaniambia, "Ssebo, wacha hiyo spana. Sema na yeye kwanza. Gari haina makosa."

"Nasema naye," nikamjibu, nikiwa nimeinamisha kichwa ndani ya boneti. Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nafungua chujio na midomo yangu ilikuwa inasema nisamehe, nisamehe, ni hii skrubu. Nikaliosha chujio kwa dizeli kwenye kopo, nikalirudisha, nikatoa hewa kwenye bomba. Likawaka. Mama wa kanisa wakapiga vigelegele. Shemeji akainua mikono.

"Amekubali!"

Halikufika mbali. Dereva alikanyaga kama mwanzo, likanyonya tena uchafu, likazimika. Mara hii shemeji hakuuliza marehemu, aliniuliza mimi.

"Shemeji, dada yangu alikuwa anapenda mwendo gani?"

Kila mtu ndani ya gari alikuwa anajua jibu. Nikasema, "Themanini."

"Na sisi tulikuwa tunakwenda ngapi?"

Dereva akakohoa. "Mia na kumi, papa. Samahani."

"Basi mnaona wenyewe," akasema shemeji, na hakuwa ananilaumu, alikuwa analia. "Mtu amekataa mbio maisha yake yote, mnambeba kwa mbio akiwa hawezi kushuka."

Nikaliosha chujio tena, tukajaribu themanini, likazimika. Sitini, likazimika. Shemeji akaamua arobaini. "Akiwa hai themanini. Akiwa hivi, nusu yake. Mpeni heshima yake." Na kwa arobaini lilikwenda, kwa sababu kwa arobaini pampu hainywi sana na chujio lililoziba nusu linatosha. Lakini nani angesikiliza maneno ya chujio? Walikuwa wameona kwa macho yao. Hata mimi, nikiwa nimekaa pale nyuma na mkono wangu juu ya ule ubao, kuna wakati niliona wao ndio wanaosema kweli.

Saa nane, ile saa niliyoiahidi, tulikuwa bado hatujaona mnara wa Busia. Shemeji alipigiwa simu kutoka nyumbani. Nilisikia sauti ya mwanamke ikiuliza, naye akijibu, "Yuko njiani. Anakuja polepole. Mwambieni mama akae kivulini."

Mpakani malori yalikuwa yamesimama mpaka huku nje ya mji. Hakuna aliyetukosea, ni siku tu yenye magari mengi. Tulipanga foleni na karatasi zetu. Mimi nikasema nakwenda kununua maji. Nikaenda mbio, mtu mzima mwenye suti nyeusi, mpaka duka la vipuri, nikanunua chujio jipya. Dereva na shemeji walikuwa dirishani kwa karatasi, mama wa kanisa walikuwa wamekwenda kujisaidia. Nikalibadilisha chujio peke yangu. Nikamwaga maji na uchafu uliotuama chini ya kikombe chake. Nikafuta mikono kwa leso. Kazi nzuri ilikuwa, niseme ukweli. Gari lile sasa lingeweza kwenda mia bila kukohoa mpaka mlangoni.

Tulipofunguliwa kizuizi ilikuwa imebaki kama saa moja kabla jua halijazama. Nyumbani ni mwendo wa kilomita hamsini kasoro. Piga hesabu. Kwa themanini tunafika na jua liko juu ya miti. Kwa arobaini hatufiki.

Dereva akawasha, likaitika mara moja, na akaangalia jua.

"Papa shemeji," akasema, "niongeze kidogo? Mama ya marehemu yuko nangoja."

Shemeji akamwekea mkono begani. "Arobaini, ndugu yangu. Umesahau? Akitusimamisha tena hapa hatutamfikisha kabisa. Bora achelewe afike."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: shemeji, si dada yako, ni mimi, nilichezea gavana, nimeshalitengeneza, kimbieni. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilimwangalia dereva, ambaye kila Jumapili huwaonyesha wenzake, yule pale ndiye mfalme wa pampu. Niliwaangalia wale mama wawili, ambao waume zao ni wateja wangu. Nikaona wote watajua kwamba mtu anayesifiwa kutoka Arua mpaka Goma aliua gari lililombeba mke wake mwenyewe, kwa kosa la mwanafunzi. Nikasema moyoni nitasema tukifika kwenye njia panda ya mbele. Njia panda ikapita. Nikasema kwenye mto. Tukavuka mto. Shemeji akamwambia marehemu, "Dada, tumevuka mto, twende nyumbani," na mimi nikaitikia amina.

Nilipitwa na baiskeli siku hiyo. Mzee mwenye magunia ya makaa alitupita, akavua kofia kwa heshima, akaendelea. Kupitia kioo cha nyuma niliona jua linashuka kwenye miwa, jekundu, bila haraka yoyote na bila kuchelewa.

Tulikunja kuingia nyumbani mwanga ukiwa bado upo lakini jua halipo. Wanawake walikuwa wamepanga mistari miwili langoni tangu saa nane. Sauti zao zilikuwa zimekwisha. Nikaruka kabla gari halijasimama.

"Mama yuko wapi?"

Shangazi yangu akanionyesha kwa kidevu njia ya kwenda ng'ambo ya kijito. "Ameondoka sasa hivi. Alisimama hapa hapa mpaka jua likaingia. Tulimwambia akae, akakataa kiti."

"Nimkimbilie?"

"Umkimbilie umrudishe wapi? Jua limezama."

Kwenye ile njia kulikuwa na kitu cheupe kinakwenda polepole katikati ya migomba, leso ya kichwani. Nilikitazama mpaka kikapotea.

Sasa wenzangu wa meza watasema, mzee, umeulizwa kuhusu mwendo, wewe unaleta msiba. Haya, jibu hili hapa. Ningekuwa serikali, kile kibao cha mia nisingekigusa. Si kwa sababu ya ajali, mimi sijawahi kupata ajali, tairi zangu zote nne zinanijua. Ni kwa sababu nimekata waya za watu miaka thelathini na sijaona hata mmoja aliyesema sasa inatosha. Unamwongezea, anakaa nayo wiki, anarudi. Mia na ishirini itakuwa matusi kabla mvua hazijarudi. Lakini mtu akija akaniambia polepole ndiyo heshima, polepole ndiyo uzima, huyo pia nitamkatalia, kwa sababu nimekaa ndani ya gari lililokwenda polepole kwa heshima zote, na nilikuwa tayari kutoa ghorofa yangu ili mtu mmoja akanyage mafuta. Na aliyemzuia asikanyage alikuwa mimi, kwa kunyamaza. Hakuna kibao cha jambo hilo.

Nilimzika. Nikarudi Kampala. Nikafanya kazi. Mahindi yalipokomaa nikasema hapana, nitakwenda nimwambie yule mama.

Mkwe haingii ndani kwa mama mkwe wake, wala hawatazamani. Nilikaa kwenye kigoda nje, chini ya upenu, nikiangalia uani. Yeye alikaa ndani, upande wa pili wa mlango, nyuma ya pazia. Nilisikia anapukuchua mahindi.

"Mama, nimekuja kusema neno la siku ile."

"Sema, mkwe."

Nikamwambia yote. Skrubu, tangi, chujio, duka la Busia, saa moja iliyobaki, na mdomo wangu. Sikupunguza. Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye ungo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Mwanangu alikataa mbio," akasema. "Kila mtu ameniambia, na mimi sikuhitaji kuambiwa. Alivyokuwa mdogo ukimvuta mkono njiani anakaa chini. Watu wanapita, yeye amekaa. Alitaka kuja kwa mwendo wake, akaja kwa mwendo wake."

"Mama, ilikuwa ni chujio. Mimi ni fundi, najua."

Punje zikanyamaza.

"Wewe," akasema, "wewe mume wa mwanangu. Nyumba kubwa ni yako, gari la mbio ni lako, pampu zote za Uganda ni zako. Sasa hata kosa unataka liwe lako peke yako? Mwachie naye kidogo."

Kuku walipita uani. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimekuja kutoka Kampala kutukanwa, na hakunipa.

Halafu akauliza, kwa sauti nyingine, ya chini, "Wewe ulimwona uso?"

"Nilimwona, mama. Nilimfunika mimi."

"Ulikuwaje?"

Nikaanza kumwambia. Nikasema alikuwa amepungua mashavu lakini hakukunja uso. Akasema endelea. Nikasema nywele binti yangu alikuwa amemsuka mistari, inarudi nyuma. Minene au myembamba? Nikafikiri, nikasema myembamba. Midomo imefungwa? Imefungwa. Na kovu lake la juu ya jicho, la kushoto, lilikuwa bado linaonekana?

Nilikuwa nimeishi na kovu lile na sikuwahi kuuliza limetoka wapi.

"Linaonekana, mama," nikasema. "Dogo, limelala hivi."

"Hilo ni la jembe langu," akasema. "Nilikuwa napalilia, na yeye alikuwa karibu mno nyuma yangu. Haya. Pua. Niambie na pua."